Mizani ya Kampasi Ishikwe na Jirani

Fikra inayotawala leo katika vyuo vyetu kuhusu uendelevu ni hii: kampasi ijipime yenyewe, ijaze dodoso, ipeleke namba zake kwenye orodha ya kimataifa, kisha ingoje kuambiwa imeshika nafasi ya ngapi. Fikra hii inafundishwa warshani, inaandikwa kwenye mipango mkakati, na anayeihoji huonekana mtu asiyependa takwimu. Mimi naipinga. Kupima nakutaka, tena kwa wingi kuliko kunavyofanyika sasa. Ninachokikataa ni chuo kuwa mpimaji na mpimwaji kwa wakati mmoja, na uzio wa kampasi kufanywa mwisho wa hesabu. Pa kulijadilia jambo hili ni Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita, kwa sababu watu wa huku wamewahi kufanya makubwa mawili katika kupima, na yote mawili yanakwenda kinyume na dodoso hilo.

Tuanze na orodha zenyewe. Chuo Kikuu cha Indonesia kilianzisha orodha yake ya vyuo vya kijani, UI GreenMetric, mwaka 2010. Marekani kuna STARS, mfumo wa chama cha vyuo kiitwacho AASHE, unaotoa ngazi za shaba, fedha, dhahabu na platinamu. Times Higher Education ya Uingereza nayo, tangu 2019, hupanga vyuo kwa mchango wao katika Malengo ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa. Waanzilishi walikuwa na nia njema: vyuo vilikuwa vinajisifu bila ushahidi, wao wakadai ushahidi. Lakini katika mifumo yote mitatu, sehemu kubwa ya majibu huandikwa na chuo chenyewe. Chuo ndicho kinachochagua picha ya kuambatanisha. Chuo ndicho kinachokusanya risiti na kusema hizi ndizo zote. Mkaguzi aliye mbali hukagua karatasi alizoletewa.

Tazama na uzito wa alama. Kwa mgawanyo ambao GreenMetric iliutumia kwa miaka mingi, nishati na tabianchi zilibeba asilimia 21, usafiri 18, taka 18, elimu na utafiti 18, eneo na majengo 15, maji 10. Maji yalikuwa ya mwisho. Mtu aliyekulia Shinyanga hawezi kuyapanga hivyo. Mji huu uliishi kwa kutegemea bwawa la Ning'hwa na mvua isiyoaminika, hadi mradi wa maji ya Ziwa Victoria ulipozinduliwa mwaka 2009. Maji hayo huvutwa Ihelele, wilayani Misungwi, husafishwa huko, kisha husukumwa kwa mabomba hadi Shinyanga na Kahama. Taifa lilibeba gharama kubwa kuyafikisha, na hadi leo kila ndoo inayokingwa Shinyanga imekwisha kula umeme wa pampu njiani. Orodha iliyosema usafiri ni mzito karibu mara mbili ya maji imeandikwa na watu ambao shida yao kubwa ni foleni za magari. Ni shida ya kweli huko kwao. Huku kwetu haijafika hapo.

Ubaya zaidi ni pale uhaba unapohesabiwa kuwa sifa. Dodoso linauliza uwiano wa magari na idadi ya watu. Kampasi ambayo wanafunzi wake wanakwenda kwa miguu na baiskeli, kwa kuwa nauli hawana, inapata alama. Linauliza umeme unaotumika kwa kila mtu. Kampasi yenye kompyuta chache na maabara isiyo na vifaa inapata alama. Ukilifuata dodoso hili hadi mwisho wake, chuo bora kuliko vyote ni kile ambacho hakijampa mwanafunzi chochote cha kutumia. Sisemi hivi kwa kebehi. Nasema kwa sababu kuna wasimamizi wanaozitazama alama hizo na kuridhika, wakati zinachowaambia ni kwamba vijana wao wanakosa.

Sasa tuingie jikoni, kwa maana huko ndiko hesabu inakoharibika kabisa. Chukua kampasi yoyote ya kanda hii iliyowahi kulisha mamia ya watu kwa kuni. Kwa taratibu za hesabu za gesi joto zinazofuatwa na wengi duniani, kaboni dioksidi inayotokana na kuni huandikwa pembeni, nje ya mafungu makuu matatu. Hoja yake ni kwamba mti utaota tena na kuirudisha ile kaboni, na kama hautaota, upotevu wa msitu utahesabiwa katika taarifa za ardhi za taifa. Gesi ya mitungi haina msamaha huo. Kila kilo 1 ya gesi ikiungua hutoa takriban kilo 3 za kaboni dioksidi, na zote zinaingia kwenye daftari la chuo. Matokeo yake ni kwamba chuo kinachoacha kuni na kuhamia gesi, kama serikali inavyoelekeza, kitaonekana kwenye daftari kimeongeza uchafuzi. Lori la kuni lililokuwa likiteremsha magogo nyuma ya jiko halikuwa na uzito wowote wa maana karatasini, hata kama lilitoka kwenye pori ambalo halitaota tena katika maisha ya anayesoma hapo.

Upande wa umeme ni hivyohivyo. Warsha nyingi za uendelevu huanza na kuishia kwenye taa: badilisha balbu, weka paneli, soma Luku kila mwezi. Ni vyema, bili itapungua. Lakini bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo 9 yenye uwezo wa jumla ya megawati 2,115, na sehemu kubwa ya umeme wa gridi yetu sasa inatokana na maji. Kaboni inayookolewa kwa balbu moja katika kampasi ya Kizumbi, Shinyanga, ni ndogo sana ukiilinganisha na kinachopotea jikoni. Kinachosukuma watu kuipima ni kwamba mita ipo ukutani tayari. Watu wanapima kilicho na mita, kisha wanakiita uendelevu.

Serikali imeamua kuhusu majiko. Taasisi zinazopikia zaidi ya watu 100 kwa siku zilitakiwa kuacha kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024, na agizo hilo likasukumwa zaidi na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Naliunga mkono agizo kwa moyo wote. Lakini fikiria linavyopimwa. Chuo kinazima jiko la kuni, kinafunga mitungi, au kinaamua kuacha kupika kabisa na kumpa mzabuni nafasi ya kuuza chakula kwa bei ambayo wengi hawaimudu. Wanafunzi wanatoka getini. Nje ya geti yuko mama lishe na jiko lake la mkaa. Mtaani yako mageto, vyumba vya kupanga, na kila geto lina jiko la mkaa mlangoni na gunia lililonunuliwa kwa kuchanga. Chakula kinachopikwa ni kilekile, walaji ni walewale, na huenda moto umeongezeka kwa kuwa sufuria kubwa moja imegeuka sufuria ndogo nyingi. Kwenye taarifa ya chuo mkaa umefika sifuri. Alama zinapanda mwaka uleule ambao mkaa unaoingia mtaani umeongezeka. Namba hii haijaongopa hata kidogo, ila imepimwa kwa kufuata uzio.

Historia ya Shinyanga imejaa namba sahihi za aina hiyo. Miaka ya 1920 na 1930, serikali ya kikoloni iliweka hapa makao ya utafiti wa mbung'o chini ya Charles Swynnerton, na watu wakahamasishwa kufyeka pori ili mdudu akose kivuli. Kwa kipimo kilichowekwa, kazi ilifanikiwa: pori lilipungua, mbung'o akarudi nyuma, ng'ombe wakaongezeka. Baadaye ikaja pamba na mashamba yake mapana. Miaka ya 1970 operesheni ya vijiji ikawahamisha watu kutoka kwenye ngitili zao, yale malisho ambayo Wasukuma huyafunga masika ili ndama, maksai na ng'ombe dhaifu wapate nyasi kiangazi. Kila hatua ilikuwa na kipimo chake cha mafanikio, na kila kipimo kilisoma vizuri. Kufikia miaka ya 1980 Mwalimu Nyerere alipouona mkoa huu, aliuona ukielekea kuwa jangwa. Mwaka 1986 Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ikaanza kwa msaada wa Norway.

HASHI nayo ilianza kwa njia ambayo vyuo vyetu vinaipenda hadi leo: vitalu, miche, siku ya kupanda. Miche mingi ya kigeni haikuvumilia mchwa, mifugo na kiangazi. Mradi ulipata nguvu ulipoacha kuwapelekea watu mti na kuanza kuwauliza walichokuwa wakikilinda zamani. Jibu likawa ngitili. Ardhi ilifungwa, visiki vikachipua vyenyewe, wazee wakaweka mipaka, dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, ikaweka adhabu, sungusungu wakasimamia. Ngitili zilizorekodiwa mwaka 1986 zilikuwa hekta 600 hivi. Mradi ulipofika mwisho mwaka 2004, makadirio yalitaja kati ya hekta 300,000 na 500,000, katika vijiji 833. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Upana wa namba hiyo, laki tatu hadi laki tano, humkera mtu wa dodoso. Atasema huu si usahihi. Mimi nauheshimu upana huo, kwa kuwa unakiri kwamba ngitili nyingi ni za kaya, hazina ramani, na mpaka wake unajulikana na mwenye ng'ombe. Kilichopimwa kwa uangalifu zaidi kilikuwa kitu kingine. Timu iliyoongozwa na Gerald Monela wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, katika utafiti uliotolewa 2005, ilikwenda kwa kaya zenyewe kuuliza wanapata nini: kuni, nyasi za kuezekea, lisho, dawa, asali, uyoga, miti ya kujengea. Walipojumlisha, thamani ikawa takriban dola 14 kwa mtu kwa mwezi, wakati matumizi ya wastani ya mtu wa kijijini Tanzania yalikuwa dola 8.50. Walihesabu saa ambazo mama ameziokoa kwa kupata kuni karibu. Na walihesabu pia hasara: wanyama waliorudi na pori walikula mazao na mifugo. Waliandika kwamba faida haikugawanyika sawa, mwenye ardhi kubwa alipata zaidi.

Nionyesheni dodoso la kampasi linalouliza hasara ya jirani. Hakuna. Lina mahali pa kuandika eneo la msitu ndani ya chuo kwa asilimia. Halina mahali pa kuandika kwamba uzio wa chuo uliziba njia ya ng'ombe kwenda lamboni, au kwamba bei ya ndoo ya maji mtaani ilipanda siku chuo kilipoongeza udahili. Hayo ndiyo mambo ambayo mkazi wa Kizumbi, au wa Nyankumbu kule Geita, angeyataja kwanza ukimuuliza kama chuo kilichopo jirani yake ni endelevu.

Na upandaji miti, tuuseme wazi. Kila halmashauri nchini imepewa lengo la miti milioni 1.5 kwa mwaka, na vyuo hushiriki kwa shangwe. Kinachohesabiwa ni miche iliyotoka kitaluni. Shinyanga mche unaopandwa Machi hauhesabiki hadi umevuka Septemba, na hata hapo ni mapema. Kwa udongo wetu ningesubiri kiangazi cha tatu. Taarifa inayotaja miche iliyopandwa bila kutaja iliyo hai ni taarifa ya kitalu. Shimo lilelile linaweza kupandwa miaka mitano mfululizo na kuhesabiwa miti mitano.

Nimesema makubwa ni mawili. Hilo la ngitili ni moja. La pili ni la pamba, nalo linahusu moja kwa moja swali la nani ashike mizani. Kabla ya ushirika, mkulima wa Usukuma alifikisha pamba yake kwa mnunuzi, na mizani ilikuwa ya mnunuzi. Mnunuzi alipima, akasoma, akaandika, akalipa. Wakulima waliamini wanapunjwa, na hawakuwa na njia ya kuthibitisha, maana namba zote zilizokuwapo zilikuwa za upande mmoja. Hawakudai mnunuzi awe mwadilifu zaidi, wala hawakumwomba ajaze fomu ya kujitathmini. Waliajiri wapimaji wao wenyewe. Kutokana na vuguvugu hilo, Paul Bomani na wenzake walijenga vyama vilivyoungana mwaka 1955 kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, VFCU, na ndani ya miaka michache pamba ya Kanda ya Ziwa ikawa mikononi mwake. Ushirika wa huku ulizaliwa na mzozo wa mizani.

Ndiyo maana naumia kuona fikra ya kujipima ikipokelewa bila swali katika mkoa wenye kampasi ya ushirika. Kizumbi, Shinyanga, ni kituo cha Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Vijana hufundishwa pale ukaguzi wa vyama, utunzaji wa leja, haki ya mwanachama kuona vitabu. Somo lililoko darasani linasema wazi kwamba anayenufaika na namba asiachwe peke yake na mizani. Sijui kwa nini somo hilo lisitumike kwenye uendelevu wa kampasi yoyote, iwe Shinyanga, Kahama au Geita.

Migodi inatupa onyo kutoka upande mwingine. Hakuna anayepima kwa wingi kuliko mgodi mkubwa. Mgodi wa dhahabu wa Geita umekuwa ukizalisha tangu 2000, Bulyanhulu ikafuata, kisha Buzwagi. Migodi mikubwa ya namna hiyo huwa na idara za mazingira, maabara, visima vya uangalizi, taarifa za kila mwaka zenye majedwali ambayo chuo chochote kingeyaonea wivu. Hata hivyo tarehe 7 Novemba 2022, kule Mwadui kwenye mgodi wa almasi wilayani Kishapu, ukuta wa bwawa la tope taka ulibomoka na tope likaenda kwenye mashamba na makazi ya watu. Mwaka 2019 mgodi wa North Mara ulitozwa faini ya Sh bilioni 5.6 kwa sababu ya uvujaji wa bwawa la tope. Sitaji haya kuonyesha kwamba migodi haina takwimu. Nayataja kwa kuwa takwimu zilikuwapo, na wanaoishi chini ya ukuta ndio waliokuwa wa mwisho kuzisoma. Chuo kinachoiga taarifa za mgodi kwa wingi wa majedwali, bila kubadilisha anayezisoma na kuzihoji, kitafika mahali palepale, ila kwa madhara madogo zaidi.

Buzwagi inafundisha zaidi. Uzalishaji ulikoma 2021, na majengo ya mgodi karibu na Kahama yakageuzwa kuwa kituo cha mafunzo cha Barrick. Kuna hekima ya kuyatumia tena majengo badala ya kuyabomoa. Lakini ukikichukua kituo hicho na kukipima kwa dodoso la kampasi, unapata madarasa, taa na mapipa ya taka, safi kabisa. Shimo la mgodi lililo jirani halimo kwenye jedwali, kwa kuwa liko nje ya eneo la kufundishia. Hesabu iliyofuata uzio inaweza kuwa nadhifu kiasi hicho na bado isikuambie kitu juu ya ardhi unayoikanyaga.

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza, na ndilo zito, ni kwamba chuo hakiwezi kuwajibika kwa yasiyo mikononi mwake: mkaa wa mama lishe ni wa mama lishe, pori la wilaya ya Bukombe lina wahitaji wengi. Ni kweli lina wahitaji wengi. Wachimbaji wadogo wanatafuta matimba, yaani magogo, ya kushikilia maduara (mashimo yao ya kuchimbia) yasiporomoke, wachenjuaji wanahitaji kuni, watengeneza tofali wanahitaji kuni, na mji unahitaji mkaa. Kila mmoja akiulizwa anamnyooshea mwenzake kidole, na kila mmoja ana hoja. Lakini kwa sababu hiyo hiyo lazima mmoja aanze kuandika alichochukua na alikokitoa, na katika wote hao mwenye wahasibu, walimu wa takwimu na vijana mamia wanaohitaji mada ya utafiti ni chuo. Kuandika hakumfanyi mtu awe na hatia ya kila kitu. Kunamwondolea kisingizio.

La pili ni kwamba bila orodha ya kimataifa hatutalinganishwa na wengine, na bila kulinganishwa hatutapata wafadhili. Hapa nauliza tu kulinganishwa kwa namna gani. Sisi wenyewe hatulinganishiki na sisi wa jana: mwaka 2012 mkoa wa Shinyanga uligawanywa, Simiyu ikazaliwa, na Bukombe ikaenda Geita, mkoa mpya. Anayechukua takwimu za Shinyanga ya HASHI na kuzilinganisha na Shinyanga ya leo bila kulisema hilo anapotosha. Kama mpaka wa mkoa mmoja unavuruga hesabu kiasi hiki, kuilinganisha Kizumbi na kampasi ya Uholanzi kwa jedwali moja kunatupa elimu kidogo mno. Na wafadhili wakubwa hawasubiri orodha hizo. Mradi wa HEET wa elimu ya juu, dola milioni 425 za Benki ya Dunia zilizoidhinishwa 2021, ulikuja na masharti yake ya mazingira na jamii, na masharti hayo yanataka malalamiko ya wananchi yasikilizwe. Hata benki imelielewa hilo kuliko dodoso.

Wapo watakaosema wanakijiji hawawezi kupima kitaalamu. Sina subira na hoja hii. Watu walioirudisha misitu ya Shinyanga kwa kufunga ardhi na kutoza faini kwenye dagashida wanajua mche uliokufa na mche ulio hai. Wakulima waliosoma mizani ya pamba miaka ya 1950 hawakuwa na shahada.

Ninachotaka kifanyike ni hiki, nacho kinaweza kuanza muhula ujao. Pale ambapo kuni na mkaa bado vinaingia kampasini, mizani iwekwe mlangoni mwa jiko, na kila mzigo uandikwe uzito, kijiji ulikotoka na namba ya kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu. Pale ambapo vimekoma, daftari lihamie mtaani: wanafunzi wahesabu magunia ya mkaa yanayoingia kwenye mageto na kwa akina mama lishe walio jirani na geti, mara moja masika na mara moja kiangazi, ili ijulikane kama moto umezimwa au umehamishwa. Maji yaandikwe kwa saa ambazo bomba limetoka, ndani ya chuo na nyumba za nje ya uzio, pamoja na bei ya ndoo siku hiyo. Lita kwa kila mtu ziandikwe pia, ila zisisomwe peke yake. Miti ihesabiwe iliyo hai baada ya kiangazi cha tatu, na anayehesabu awe mjumbe wa kamati ya mazingira ya mtaa. Taka nitazipitia haraka: lifuatwe tu lori linalozibeba hadi mahali linapozimwaga, na mahali hapo patajwe kwa jina.

Daftari liwe na nakala mbili, moja ofisini kwa mkuu wa kampasi, nyingine kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji. Zikitofautiana, tofauti ichapishwe kama ilivyo. Mara mbili kwa mwaka namba zisomwe kwenye mkutano wa hadhara, kwa Kiswahili, na kwa Kisukuma pale wazee wanapohitaji, na maswali yaandikwe kwenye muhtasari pamoja na aliyeyajibu. Chuo kikitaka baada ya hapo kujaza na dodoso la Indonesia au la Marekani, kijaze. Kitakuwa na kitu cha kuandika ambacho mtu mwingine amekithibitisha.

Gharama isiwe kisingizio. Mizani ya jukwaa inayopimia magunia ya mpunga na pamba ipo katika kila soko la kanda hii. Daftari ni la bei ya dukani. Wapimaji ni wanafunzi walio kwenye mafunzo kwa vitendo, ambao leo wengi wao hutumwa ofisini kupanga mafaili kwa majuma kadhaa, wakati leja mbili walizofundishwa kuzilinganisha darasani zingewangoja mtaani.